Kontrola zinapotea kwenye mtandao feni zikiwaka, naombeni ushauri

Waya_Mbili
Habari zenu wakuu. Jengo ninalolihudumia lina mfumo wa BACnet MS/TP (lugha ambayo kontrola, yaani vifaa vinavyoendesha feni na hewa ya vyumba, zinaongea kwa zamu), kontrola zote kwenye laini moja ya RS-485 (waya mbili, + na −), kasi biti 38400 kwa sekunde. Usiku zinaonekana zote. Asubuhi feni kubwa zikiwashwa, za mwisho wa laini zinapotea moja moja, zinarudi, zinapotea tena. Nimeshaandika ombi la kontrola kuu mpya. Naomba kujua tu: programu ya zamani inahamishika bila kuandikwa upya?

MzeeWaPaneli
Kijana, kununua baadaye. Laini hiyo imeguswa lini?

Waya_Mbili
Hakuna kilichoguswa mkuu. Kontrola kuu ni ya siku nyingi, imechoka.

Dada_Tokeni
Pole kaka. Kwetu ilikuwa anwani, yaani namba ya kontrola kwenye laini. Fundi alinakili mipangilio ya kontrola moja akaipakia kwenye nyingine, tukawa na namba 12 mbili. Tokeni (ruhusa ya kuongea inayozungushwa kwa zamu) ikifika 12, zote mbili zinajibu kwa pamoja, laini nzima inavurugika. Na namba ya utambulisho wa kifaa nayo isijirudie popote kwenye mfumo, hata kama laini ni tofauti.

Msema_Kweli
Mafundi wa siku hizi hamchori. Mtu anafungua dari, anaunga, anafunga, anaondoka. Atakayekuja nyuma yake atajijua.

MzeeWaPaneli
Tumsaidie kwanza. Zima umeme wa kontrola zote, weka multimita kati ya + na −. Unasoma ohm ngapi?

Waya_Mbili
40 na kidogo.

MzeeWaPaneli
Kila ncha ya laini inawekwa kipinga (resista) cha ohm 120. Viwili hivyo ukivipima pamoja unapata karibu 60. Ukipata 40, vipo vitatu, na laini ina ncha mbili tu. Cha tatu kiko wapi?

Waya_Mbili
Kuna kontrola mbili niliziongeza juzijuzi. Nilizitolea tawi katikati ya laini, mita 30 hivi, maana kufika mwisho ningebomoa dari ya ofisi za watu. Mwisho wa tawi nikaweka kipinga, si ndivyo tunavyofundishwa? Na zilifanya kazi vizuri tu! Kwa hiyo tawi silioni kama ndilo tatizo.

Jicho_Kavu
Huyu anatunga. Mara hakuna kilichoguswa, mara ana tawi na kontrola mbili. Tawi lingekuwa baya lingesumbua na usiku. Hili ni swali la mtihani.

Dada_Tokeni
Hata mimi hiyo 40 imenitia shaka, imekaa kivitabu mno.

MzeeWaPaneli
Mimi namwamini. Kipinga cha ziada kinadhoofisha ishara, tawi linarudisha mwangwi. Usiku kukiwa kimya, ishara inapenya hivyo hivyo. Feni zikiwaka, draivu zake (vifaa vinavyobadili kasi ya feni) zinamwaga kelele za umeme kwenye waya, na za mbali, ambako ishara imeshachoka, ndizo zinazoanza kupotea.

Waya_Mbili
Sijatunga chochote. Nimezima, nimechomoa tawi, multimita inasoma 61. Nimewasha, feni zinazunguka tangu saa nne na hakuna iliyopotea. Lakini vyumba vya zile kontrola mbili sasa vina joto, watu wananipigia simu. Dari sibomoi.

MzeeWaPaneli
Usibomoe. Funga ripita (kifaa kinachopokea ishara na kuituma upya) pale tawi linapoanzia. Tawi litakuwa laini inayojitegemea, lenye vipinga vyake viwili: kimoja kwenye ripita, kingine mwisho. Na angalia Max Master, yaani anwani ya juu kabisa ambayo kontrola inaitafuta kuipa tokeni. Ikiwa chini ya anwani za hizo mpya, hazitatafutwa wala kupewa tokeni.

Waya_Mbili
Max Master ni 127. Ripita naagiza leo. Ombi la kontrola kuu siliondoi kwanza.

MzeeWaPaneli
Hilo ni lako na bosi wako. Shildi (ganda la chuma linalozunguka waya) ya tawi iunge ardhini upande mmoja tu.