Kangara ya mahindi na sukari imesimama kwenye 1.045, tatizo liko wapi?

Pipa la Buluu:

Wakuu, naomba msaada. Kangara (mchanganyiko ninaouchachua ili baadaye nikeneke, yaani niuchemshe na kukusanya mvuke wa kileo) imegoma katikati ya safari. Vipimo ni hivi:

Chenga za mahindi kilo 3, zimemwagiwa maji ya moto tu, hazikupikwa. Sukari nyeupe kilo 6. Maji yaliyochemshwa yakapoa, jumla lita 25. Juisi ya ndimu 4 ili kuvunja sukari. Hamira kavu ya mkate gramu 11, imenyunyizwa juu. Pipa la plastiki la lita 35 lenye kizibo cha maji (kinatoa gesi bila kuingiza hewa).

Haidromita (kipimo cha uzito wa kangara: maji matupu ni 1.000, na sukari ikiliwa namba hushuka) ilianza 1.092, ikashuka vizuri, sasa imenata kwenye 1.045. Karatasi ya pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) inaonyesha kati ya 3.0 na 3.2. Joto ndani ya pipa ni nyuzi 34. Harufu ni ya yai viza. Niongeze hamira, niongeze sukari, au ndiyo imeharibika ya kumwaga?

---

Mkono wa Hamira:

Usimwage, na sukari usiongeze hata kijiko. Kutoka 1.092 hadi 1.045 maana yake una kileo cha asilimia 6 hivi, na sukari karibu nusu bado imo. Hamira haijafa yote, imebanwa.

Kinachoibana kwanza ni hiyo pH. Maji ya sukari hayana kitu cha kuzuia asidi isipande. Hamira inapokula inatoa asidi zake yenyewe, na kila inapofyonza nitrojeni ya amonia inaacha asidi nje. Nafaka iliyopikwa vizuri husaidia kidogo kutuliza hali hiyo, sukari haisaidii kabisa. Ukaongeza ndimu 4 juu yake, ukawa umeanzia chini kabla hata ya povu la kwanza. Na ndimu hazikuhitajika: hamira ina kimeng'enya chake cha kuvunja sukari ya mezani, inaifanya kazi hiyo bila kuombwa. Chini ya 3.5 hamira ya mkate huanza kusuasua, ikifika 3 husimama.

La pili, sukari ni nyingi mno. Gramu 17 kwa lita hutoa takribani asilimia 1 ya kileo. Kilo 6 ndani ya lita 25 ni gramu 240 kwa lita, yaani unaitaka hamira ya mkate ifike asilimia 14. Inaweza kufika kwa kusukumwa, lakini kwa pH hii na joto hili haifiki. Ukibaki kwenye gramu 170 hadi 200 kwa lita (haidromita 1.065 hadi 1.077) kazi inaisha haraka na ladha inakuwa safi.

Kuiokoa, fuata mpangilio huu:

Ongeza lita 5 za maji safi. Pipa lina nafasi, na povu kubwa limeshapita. Maji yakiwa ya nyuzi 20 yatashusha pipa lote hadi karibu 32, haidromita itasoma 1.037 au 1.038, na kikomo cha kileo kitashuka hadi asilimia 12 hivi. Hatua hiyo moja inapunguza asidi, joto na mzigo wa sukari kwa pamoja.

Kisha zungushia pipa kitambaa chenye maji, au liweke ndani ya beseni la maji, hadi lifike 28 au 30. Kumbuka hamira inatengeneza joto lake: katikati ya pipa huwa na nyuzi kadhaa zaidi ya hewa ya chumba, kwa hiyo pima ndani ya kangara.

Ndipo urekebishe asidi. Tumia kalsiamu kaboneti ya kiwango cha chakula. Chota lita moja ya kangara kwenye chombo kirefu, koroga gramu 10 humo, subiri povu litulie, rudisha polepole. Usimwage unga mkavu moja kwa moja pipani: kangara imejaa gesi, kila punje inaitoa kwa mkupuo na utaona sakafu imelowa. Ngoja saa moja, pima, rudia kwa gramu 5 hadi ufike 4.2 au 4.5, kisha acha. Ukipandisha zaidi unawafungulia mlango bakteria.

---

Fundi Shaba:

Naunga mkono, na naongeza kuhusu dawa za kupunguza asidi kwa sababu watu hubahatisha hapa. Maganda ya mayai yaliyosagwa yanafaa, ila ni ya polepole. Yaoshe, yakaushe, yafunge kwenye kitambaa na kuyaning'iniza pipani tangu mwanzo. Chokaa ya ujenzi hapana. Ni kali, pH inaruka hadi 8 kabla hujajua.

Magadi soda yanafanya kazi, lakini ni rahisi kuyazidisha, na ukizidisha adhabu inakuja wakati wa kukeneka. Kangara isiyo na asidi ikipashwa moto inaachia amonia, amonia inakula shaba ya mtambo, na kinachodondoka kinatoka na rangi ya samawati. Kinywaji cha rangi hiyo hakinywewi.

---

Mkono wa Hamira:

Sasa hamira yenyewe. Gramu 11 kwa lita 25 za 1.092 ni chache. Weka gramu 2 kwa kila lita, yaani 50 kwa pipa kama hili. Na kunyunyiza hamira kavu juu ya kangara yenye kileo na asidi ni kuiua: chembe kavu inaponyonya maji kwa mara ya kwanza ukuta wake haujajijenga, kila sumu inapita.

Iandae pembeni. Nusu lita ya maji ya nyuzi 35, vijiko 2 vya sukari, gramu 50 za hamira, dakika 20. Ikishafura, ongeza nusu lita ya kangara iliyorekebishwa pH, subiri dakika 30. Ongeza lita nyingine, subiri tena. Ukiona povu linasimama lenyewe, mimina yote pipani. Hapo hamira imezoea kileo kidogo kidogo.

Harufu ya yai viza ni njaa ya nitrojeni. Sukari nyeupe ni nishati tupu, haina protini wala vitamini, na mahindi mabichi yanaachia kidogo sana. Chemsha gramu 30 za hamira nyingine katika nusu lita ya maji kwa dakika 15, ipoe, imwage pipani: hamira iliyokufa ni chakula kizuri cha hamira hai. Ukiwa na DAP (chumvi ya amonia na fosfati, chakula cha hamira) ya kiwango cha chakula weka gramu 5 sasa. Kwa pipa jipya la lita 25 ningeweka 10, nusu mwanzoni na nusu kabla theluthi moja ya sukari haijaliwa, kwa sababu kileo kikishapanda hadi asilimia 9 hivi hamira haiwezi tena kuifyonza.

DAP ya mfuko wa mbolea isiingie pipani, haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo. Urea ndiyo mbaya zaidi. Inaungana na kileo na kutoa ethili kabamati, ambayo inahusishwa na saratani, na joto la mtambo linaharakisha muungano huo.

Jambo la mwisho: maji yaliyochemshwa hayana oksijeni. Pipa jipya, kabla ya hamira kuingia, lipige hewa: mimina kutoka ndoo hadi ndoo mara 10 au koroga kwa nguvu dakika 5. Hamira inatumia oksijeni hiyo kujenga kuta zitakazovumilia kileo. Pipa la sasa usilipige hewa, limeshavuka hatua hiyo. Hewa sasa inaita siki.

---

Kimea Kwanza:

Mmeongea hamira, ngoja nitetee mahindi. Hizo kilo 3 kwa sasa zinatoa harufu na ladha tu. Wanga wa mahindi mabichi umejifunga ndani ya chembe, na hata ungefunguka, hamira ya mkate haina uwezo wa kuula. Inakula sukari peke yake. Kama lengo ni ladha, sawa, ni njia halali na watu wengi huifuata, lakini usihesabu mahindi kwenye kileo.

Ukitaka nafaka ifanye kazi, unahitaji kupika na unahitaji kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa, ambayo vimeng'enya vyake huvunja wanga kuwa sukari. Kwa kilo 3 za chenga chemsha lita 12 za maji, tia chenga huku unakoroga, pika kwa moto mdogo dakika 45 hadi 60. Utapata uji mzito unaotaka kushika chini, koroga bila kuondoka. Ukipoa hadi 72, tia gramu 150 za kimea cha shayiri kilichosagwa. Baada ya dakika 10 utaona kitu kizuri kwa macho: mwiko uliokuwa unasimama wenyewe unaanza kuogelea. Acha ushuke hadi 65, tia gramu 600 zilizobaki, funika kwa blanketi saa moja na nusu. Usitie kimea juu ya 75, vimeng'enya vinaungua na hakuna kitakachovirudisha.

Pima kwa iodini. Tone moja la maji ya juu, bila machicha, kwenye sahani nyeupe, tone la iodini pembeni. Likigeuka bluu-nyeusi wanga bado upo, ngoja nusu saa nyingine. Likibaki kahawia kama iodini yenyewe, umemaliza.

Kwa hesabu ya nyumbani mahindi hayo na kimea vitakupa sawa na kilo 2 na kitu za sukari. Kwa hiyo sukari ya kuongeza ni kilo 2.5, si 6. Jaza maji baridi hadi lita 25, utasoma karibu na 1.070. Kangara ya namna hii haishuki pH kwa kasi ile, na haina njaa sana, kwa sababu kimea kimekuja na nitrojeni yake.

---

Pipa la Buluu:

Shukrani sana wakuu. Nimeongeza maji, pH imepanda hadi 4.3, hamira mpya imeingia na haidromita imefika 1.030 ikiendelea kushuka. Maswali matatu yamebaki. Kimea cha mtama kinaweza kushika nafasi ya shayiri? Nitajuaje imekwisha? Na je, nikeneke pamoja na machicha, au nichuje?

---

Kimea Kwanza:

Mtama unawezekana, kwa tahadhari mbili. Kimea chake kina nguvu ya kulainisha uji lakini ni hafifu katika kumalizia wanga kuwa sukari, hivyo weka asilimia 35 hadi 40 ya uzito wa mahindi badala ya 25, na usishangae haidromita ikiishia juu kidogo.

Tahadhari ya pili ni ya usalama. Mtama unapochipua, machipukizi na mizizi hujenga kitu kinachoachia sianidi. Kausha kimea kabisa, kisugue kwenye ungo hadi mizizi na machipukizi yote yatoke, utumie punje tupu. Kimea kibichi chenye majani usikisage kamwe. Sianidi ni nyepesi, inapanda na mvuke, na ni chanzo kingine cha ile ethili kabamati iliyotajwa. Ulezi ukiupata ni bora zaidi kuliko mtama kwa kazi hii.

---

Fundi Shaba:

Mwisho wa kangara unaonyeshwa na haidromita, si mapovu. Mapovu yanaweza kutoka kwa sababu chumba kimepata joto tu. Usomaji ukibaki palepale siku 3 mfululizo, imekwisha. Yenye sukari nyingi kama yako inaishia 0.990 hadi 0.998. Ya nafaka iliyopikwa huishia 1.000 hadi 1.005 kwa sababu kuna wanga nusu-nusu usiolika. Pima maji yaliyochujwa na kupoa hadi nyuzi 20, na uzungushe haidromita ili gesi isiinyanyue.

Machicha usiyatie kwenye mtambo wa moto wa chini. Yanashika, yanaungua, na ladha ya kuungua haitoki hata ukikeneka mara ya pili. Chuja kwa kitambaa, kamua, acha itulie mahali pa baridi siku 2 au 3 hadi mashapo yakae chini, kisha vuta kwa mpira ukiacha sentimita 3 za mwisho. Hamira inayochemka inatoa ladha ya salfa na mchuzi. Koroga kutoa gesi kabla ya kupasha, la sivyo povu litapanda hadi kwenye bomba.

Kuhusu methanoli, maana swali hilo hufuata: inatokana na pektini, ambayo ipo kwa wingi kwenye matunda. Sukari na mahindi hutoa kiasi kidogo mno. Kinachotoka mwanzo na kunuka kama gundi ni asetaldehaidi na ethili asetati, tenga hicho. Lakini vifo vya methanoli kwa sehemu kubwa hutokana na kileo cha viwandani kilichochanganywa, na kumwaga kikombe cha kwanza hakusafishi kileo cha namna hiyo.

Pipa linapochachuka lipe hewa chumbani. Kilo moja ya sukari inatoa zaidi ya lita 250 za gesi ya kaboni, nayo inalala chini sakafuni. Kizibo kisikazwe bila njia ya gesi, pipa linapasuka. Na kabla ya kuwasha mtambo hakikisha una kibali: nchi nyingi zinaruhusu kuchachua nyumbani lakini kukeneka ni kosa bila leseni.

---

Mkono wa Hamira:

Hayo mashapo ya chini usiyamwage yote. Chota nusu lita ya yale meupe ya juu, weka kwenye chupa iliyosafishwa, usikaze kifuniko, hifadhi kwenye friji. Ndani ya wiki moja bado ni hamira hai inayotosha pipa la 1.070. Ikinuka siki au ikifanya utando juu, itupe.