Jalada la mbele: picha ya staa ikae vipi, na vichwa viwe vingapi?

Mpangakurasa

Habari zenu wadau. Swali ni kwa wanaopanga kurasa na wanaoijua kazi ya majarida.

Jarida ni la muziki na filamu, ukubwa wa A4, kurasa 64, linabandikwa kwa gundi mgongoni. Jaladani yupo mwimbaji anayejulikana sana. Picha ni safi, jukwaa lote linaonekana, taa, wapiga vyombo, kila kitu. Juu yake kuna vichwa tisa vya habari na kila kimoja kina rangi yake. Likipangwa mezani na majarida mengine, jicho linalipita tu, na linafanana zaidi na bango la tamasha. Kosa liko kwenye picha, kwenye maneno au kwenye mpangilio? Na je, kichwa cha staa kinaruhusiwa kuziba jina la jarida?

Karatasi_na_Wino

Mkuu, anza na picha. Picha ya jukwaa zima inasimulia tukio, na mahali pake ni kurasa za ndani. Jaladani weka uso. Ikate kuanzia kiunoni au kifuani, staa atazame lenzi moja kwa moja, na mstari wa macho uangukie theluthi ya juu ya ukurasa. Kwa A4 hiyo ni kama sentimita 9 au 10 kutoka ukingo wa juu. Mpita njia hukutana na macho yanayomtazama kabla hajasoma herufi hata moja. Macho yakiangalia pembeni, naye huangalia pembeni, kwa hiyo picha ya namna hiyo inafaa pale tu ambapo macho yanaelekea kwenye kichwa kikubwa cha habari.

Jambo la pili ni nafasi tupu. Mpiga picha aambiwe mapema kwamba hii ni ya jaladani: apige wima, aache kama robo ya fremu juu ya utosi, na upande mmoja uwe na mandhari tulivu, ukuta au kitambaa cha rangi moja. Herufi zikipita juu ya mandhari yenye vurugu, watu huanza kuzizungushia vivuli na mistari ili zisomeke, na hapo ndipo jalada linapogeuka bango. Picha ya ulalo ikilazimishwa kuwa wima huleta balaa kubwa zaidi. Toleo la Februari 1982 la National Geographic lilitumia picha ya ulalo ya piramidi za Giza, na piramidi zikasogezwa kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada. Mpaka leo kisa hicho hutajwa kila unapozuka mjadala wa picha kuchezewa.

Kuhusu jina la jarida: ndiyo, kichwa cha staa kinaweza kupita mbele ya herufi, na kinaleta kina kizuri, kama vile mtu anatoka ndani ya ukurasa. Ila kipimo ni kimoja: asiyelijua jarida alisome jina bila kubahatisha. Jarida jipya lisizibe zaidi ya sehemu ya herufi moja, na kamwe isiwe ya kwanza. Kwenye programu ya kuhariri picha, nakili tabaka la picha, mkate mtu peke yake, mpandishe juu ya tabaka la jina. Kinachoharibika ni nywele, kwa sababu hubaki na ukungu wa rangi ya mandhari ya zamani pembezoni. Punguza ukingo wa mkato kwa pikseli 1 au 2, halafu chagua rangi ya jina iliyo karibu na mandhari kwa mwanga au giza lake. Jina jeupe nyuma ya nywele nyeusi zilizopigwa mbele ya ukuta mweusi litaonyesha kila unywele uliokatwa vibaya.

Vichwa tisa ni vingi mno. Kimoja kiwe kikubwa kinachomhusu staa, na vidogo visizidi vinne au vitano. Kikubwa kiwe na maneno matatu hadi sita, kisomeke ukiwa umesimama mita mbili. Fonti zisizidi mbili, na rangi za maandishi zichotwe kwenye picha yenyewe: moja kutoka kwenye nguo au urembo, nyingine nyeupe au nyeusi.

Rafu_ya_Juu

Naongezea upande wa mauzo, maana jalada hupangwa kwenye skrini likiwa zima, kisha msomaji akaliona nusu.

Kuna rafu ambazo majarida hulaliana kwa ubavu, kinachoonekana ni theluthi ya kushoto tu. Kuna nyingine hupangwa kwa ngazi, zinaonekana sentimita 7 au 8 za juu tu. Ndiyo maana herufi za mwanzo za jina na neno zito la kichwa kikubwa hukaa juu kushoto. Chukua karatasi, funika theluthi mbili za kulia, kisha funika chini yote. Kama katika kila hali bado unajua hili ni jarida gani, umepona.

Hapa natofautiana kidogo na aliyetangulia. Vichwa vidogo vinne au vitano ni sawa kwa rafu, lakini kwa simu vinakufa vyote. Punguza jalada mpaka upana wa pikseli 150 ulitazame. Lazima vibaki vitu vitatu: uso, jina, kichwa kikubwa. Kama toleo la mtandaoni linasomwa zaidi, tengeneza nakala ya pili yenye kichwa kimoja tu.

Sasa maneno yenyewe. "Mahojiano maalumu na nyota wetu" hayasemi chochote, kila jarida lina mahojiano maalumu. "Kwa nini alinyamaza miaka mitatu" yanamfanya mtu afungue. Lakini jibu liwemo ndani, tena liwe la staa mwenyewe. Msomaji akifungua akakuta aya mbili za uvumi, toleo lijalo haligusi.

Na staa achaguliwe kwa sababu ya swali ambalo watu tayari wanalo juu yake mwezi huo. Umaarufu pekee hautoshi. Jarida la People, lililoanza mwaka 1974 na mwigizaji Mia Farrow jaladani, lilikuwa na mhariri aitwaye Richard Stolley ambaye alikuwa na kanuni yake: kijana huuza kuliko mzee, mzuri kuliko asiye mzuri, televisheni kuliko muziki, muziki kuliko sinema, na siasa chini ya vyote. Ni kanuni kali na mengi ndani yake hayapendezi, ila inaonyesha jinsi sura inavyopimwa kabla haijapewa ukurasa.

Idadi ya maneno pia inategemea msomaji anajua nini tayari. Jalada la Rolling Stone la tarehe 22 Januari 1981, picha ya Annie Leibovitz ya John Lennon, mwanamuziki wa zamani wa Beatles, akiwa uchi amejikunja ubavuni mwa mkewe Yoko Ono, halikuwa na kichwa cha habari hata kimoja, jina la jarida tu. Picha ilipigwa siku ileile Lennon alipouawa, 8 Desemba 1980. Dunia nzima ilikuwa inajua, neno lolote lingepunguza. Staa wenu akiwa hajapatwa na jambo linalozungumzwa kila mahali, anahitaji maneno.

Halafu jengeni alama ya kudumu. Ukingo mwekundu wa Time upo tangu 1927, na National Geographic inajulikana kwa ukingo wake wa njano. Kwa sababu ule mwekundu habadilishi mtu ovyo, Time ilipoweka ukingo mweusi Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya Marekani, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jina likae palepale, fonti ileile, toleo baada ya toleo. Vinavyobadilika ni uso na rangi.

Kibali_Kwanza

Ndugu, kabla ya yote hayo, picha ni ya nani? Ruhusa ni mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mpiga picha, kwa sababu hakimiliki kwa kawaida ni yake au ya aliyemwajiri. Ya pili ni ya staa kuhusu sura yake. Picha za wakala wa picha mara nyingi huruhusiwa kwa habari tu, na matumizi ya jaladani hulipiwa peke yake. Hati itaje jalada, idadi ya nakala, muda, mtandaoni, na kama jalada litatumika kwenye mabango ya kulitangaza jarida. Kuliweka jalada hilo kwenye fulana ni biashara nyingine kabisa.

Kuhusu kusafisha picha, nawasihi sana: ondoeni vumbi, chunusi ya siku mbili, uzi uliochomoza kwenye nguo. Mwili na rangi ya ngozi msiguse. Jarida la TV Guide mwaka 1989 liliweka kichwa cha mtangazaji Oprah Winfrey juu ya mwili wa mwigizaji Ann-Margret. Mwaka 1994 Time ilitia giza picha ya polisi ya O. J. Simpson, mchezaji wa zamani aliyeshtakiwa kwa mauaji, na wiki ileile Newsweek ikatoka na picha hiyohiyo bila giza. Zikawa ubavu kwa ubavu rafuni, kila mtu akalinganisha mwenyewe.

Ngozi nyeusi ndiyo inayoharibika zaidi kiwandani, na si kosa la ngozi. Picha ikihamishwa kutoka RGB (rangi za skrini) kwenda CMYK (wino nne za uchapaji: samawati, majenta, manjano na nyeusi), samawati na nyeusi zikizidi, uso hutoka wa kijivu kama una majivu. Pimeni shavu, sehemu isiyo na mng'ao wala kivuli: manjano iwe sawa na majenta au izidi kidogo, na samawati ibaki chini yao kwa umbali unaoonekana. Inueni toni za kati kidogo, kwa sababu wino hutanuka kwenye karatasi na kila kitu hutoka cheusi kuliko skrini. Na mpiga picha aweke taa ya nyuma ili nywele zijitenge na mandhari.

Mpangakurasa

Asanteni sana, nimeelewa picha ya jukwaa haifai. Itapigwa nyingine. Vipimo vya faili na bakodi je?

Karatasi_na_Wino

A4 ni milimita 210 kwa 297. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, inakuwa 216 kwa 303. Kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji picha ya angalau pikseli 2551 kwa 3579 baada ya kuikata, si kabla. Maandishi yote yakae angalau milimita 8 kutoka ukingo, na upande wa mgongo acha 12, kwa sababu jalada la gundi hukunjwa hapo na herufi humezwa.

Unene wa mgongo: kurasa 64 ni karatasi 32. Zidisha kwa unene wa karatasi moja. Ikiwa ni milimita 0.1, mgongo ni 3.2, ongeza unene wa karatasi ya jalada mara mbili. Muulize mchapaji unene halisi, usikisie.

Bakodi ya EAN-13, ile ya kawaida ya bidhaa yenye tarakimu 13, kwa ukubwa kamili ni milimita 37.29 kwa 25.93 pamoja na nafasi tupu za pembeni, na inaweza kupunguzwa hadi asilimia 80. Ya jarida lenye ISSN, yaani namba ya kimataifa ya majarida, huanza na 977. Iweke kona ya chini ndani ya kisanduku cheupe, mistari iwe ya wino mweusi peke yake bila kuchanganywa na rangi nyingine, la sivyo chapa ikisogea kidogo kingo zinakuwa na ukungu. Usiipake nyekundu hata kama inaendana na nguo ya staa: mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, kwao mistari hiyo ni karatasi nyeupe. Na omba sampuli iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe ya jalada kabla hujasaini kazi iendelee.