Charles Hill wa BBC: mwenyekiti alikuwa na nguvu gani hasa?

Malimbe_Juu: Wakuu, wiki ijayo tuna mdahalo huku Nyegezi kuhusu uhuru wa utangazaji wa umma, nimepangiwa Charles Hill. Mwenyekiti wa BBC aliweza kuzuia kipindi?

Mwaloni: Anzia kwenye wasifu. Hill alikuwa daktari, wakati wa vita akasikika sana redioni akitoa ushauri wa afya. 1950 mbunge wa Luton. 1955 waziri wa posta, na kule Uingereza enzi hizo posta ndiyo iliyoshika utangazaji. Julai mwaka huo akatoa amri ya siku 14: BBC isijadili hoja itakayofika bungeni ndani ya wiki mbili. Ukaja mgogoro wa Suez 1956, amri ikawa kichekesho, ikasimamishwa. 1962 waziri mkuu Macmillan akamwondoa barazani, 1963 akawa mwenyekiti wa ITA, mamlaka ya televisheni ya kibiashara, 1967 waziri mkuu Wilson akamhamishia BBC. Wengi mle ndani walinuna, maana katoka kwa mshindani.

Usiseme ITA ilikuwa TCRA yao, yaani msimamizi wa mawasiliano kama wa Tanzania. ITA ilimiliki mitambo ya kurushia matangazo. Kampuni zilitengeneza vipindi kwa mkataba. Hill alipogawa upya mikataba 1967, kampuni ya TWW ya Wales ikatoka kapa.

Igoma_Kati: Mwaloni, swali bado. Mwenyekiti peke yake hapana. Bodi ya magavana ndiyo, kisheria BBC ilikuwa wao. Ila mhariri alikuwa mkurugenzi mkuu, na nguvu kubwa ya bodi ilikuwa kumteua huyo. Wa TBC, shirika la utangazaji la Tanzania, huteuliwa na Rais. Hapo tu una dakika tano za kuongea.

Kisha nenda Juni 1971, kipindi cha Yesterday's Men, kuhusu Wilson na wenzake baada ya kushindwa uchaguzi. Kambi ya Wilson ililalamika mapema, swali la David Dimbleby kuhusu fedha za kitabu cha Wilson likakatwa. Magavana wakakitazama kabla hakijaruka, wakakipitisha. Ndipo walipoharibu: malalamiko rasmi yalipokuja, wa kuyaamua ni walewale waliokipitisha. Refa keshacheza mechi. Mwaka huohuo BBC ikaunda tume ya malalamiko ya watu watatu wa nje.

Malimbe_Juu: Shukrani. Serikali nayo ilikuwa imebaki na meno?

Mwaloni: Ndiyo. Leseni ya BBC iliiruhusu serikali kuzuia kipindi kwa amri ya maandishi. Wapinzani wako watakubana hapo, kwa hiyo itaje mwenyewe mapema, pamoja na ile amri ya 1955.