Ndege za mashindano: zikatwe mabawa au zibaki kama zilivyotoka kiwandani?

MpendaMustang
Wakuu, tangu mashindano ya ndege ya Reno kule Nevada, Marekani, yafikie tamati mwaka 2023, kuna watu wanashikilia kwamba ndege za mashindano zisiguswe. Mabawa yasikatwe kutafuta kasi, rejeta (kipoza injini) ya tumboni isiondolewe. Mfano wao ni Galloping Ghost, ile P-51 Mustang (ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili) iliyoanguka Reno Septemba 2011 ikamuua rubani wake Jimmy Leeward na watazamaji 10. Mimi napinga. Ukizuia mabadiliko unabaki na gwaride la ndege za kale. Mnasemaje?

Shangazi wa Anga
Watu 11 wamekufa, wewe unalia na gwaride? Walikata bawa zaidi ya mita moja kila upande, likashindwa kuhimili, likakatika angani. Na juu ya yote, ndege kama hiyo anakabidhiwa mzee wa miaka 74!

FundiNati
Shangazi, bawa halikukatika. Bawa fupi hata hupunguza nguvu ya kupinda pale shinani. Kilichong'oka ni trimu, yaani kijibawa kidogo cha kurekebisha mwelekeo, ya elevata ya kushoto, huko mkiani; elevata ndiyo huinua au kushusha pua ya ndege. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani la kuchunguza ajali, walikuta nati za kujifunga zimechakaa. Kile kipete cha ndani kinachobana uzi wa skrubu kilikuwa kimekwisha, skrubu zikalegea, mojawapo ikaanza kupata ufa wa uchovu (chuma kuchoka kwa kutikisika) hata kabla ya safari ile. Trimu ikapoteza ugumu wake, na kwa kasi ya mashindano ikaanza kupigapiga mpaka ikaachia. Trimu ya kulia walikuwa wameshaifunga isicheze, kwa hiyo kazi yote ilibaki kwa ya kushoto.

Babu Rubani
Haya ya nati nimeyasikia. Mimi nataka kujibiwa hilo la "mzee". Nimevuka sabini, napimwa afya kama kijana yeyote, na narusha. Ndege ile iliinua pua ghafla, mwili wa rubani ukabebeshwa zaidi ya G 17, yaani zaidi ya mara 17 ya uzito wake, na ndani ya sekunde moja hivi hakuwa na uwezo tena. Picha zinaonyesha gurudumu la mkia limeshuka lenyewe na kichwa cha rubani hakionekani. Mlete wa miaka 25 hapo uone kama atabaki na fahamu.

Shangazi wa Anga
Babu, sikukutaja wewe. Lakini mwaka 1998 Voodoo, P-51 vilevile, ilipoteza trimu hukohuko Reno. Rubani wake Bob Hannah alizimia, akazinduka akiwa juu sana, akaishusha salama. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Kwa nini yeye alizinduka?

Babu Rubani
Kwa sababu yeye alipata kama G 10, siyo 17! Unalinganisha nini na nini? Na ukishaitaja Voodoo umejifunga mwenyewe: onyo lilikuwepo miaka 13 kabla, kosa lilelile la trimu, halafu unakwenda kuhesabu mvi za rubani.

MpendaMustang
Jamani, turudi kwenye mada. Mwaka 2023 waliogongana wakati wa kutua walikuwa kwenye T-6 (ndege za zamani za mafunzo), daraja ambalo ndege zake zinakaribia kabisa kuwa za kiwandani. Marubani wote wawili walikufa. Hapo mtalaumu bawa gani?

KijanaFizikia
Mgongano wa kutua hauhusiani na mzigo kwenye fremu, usiutumie kujificha. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi. Toka kilomita 700 kwa saa hadi 800, kasi imeongezeka kama asilimia 14, nguvu karibu asilimia 31. Trimu iliyotulia jana inaweza kupasuka leo kwa sababu tu umeondoa ukinzani mahali pengine. NTSB yenyewe ilisema mabadiliko makubwa ya ile ndege hayakuandikwa wala kujaribiwa. Ikataka ndege za namna hiyo zitathminiwe kihandisi na zijaribiwe angani kwa kasi zitakayoshindana nayo. Mimi nasema kateni mnachotaka, ila mjaribu mbali na watu, na kila kitu kiandikwe.

FundiNati
Naunga mkono, na naongeza: ukifungua nati ya kujifunga, itupe. Fundi anayeirudisha kwenye sehemu ya kuongozea ndege asiguse ndege tena. Hii haihitaji mhandisi.

Shangazi wa Anga
Sawa, andikeni na mjaribu. Lakini NTSB hiyohiyo ilizungumzia mavazi ya kuzuia G kwa marubani. Kama umri si hoja, mbona mwili wa rubani umo kwenye mapendekezo?

Babu Rubani
Umo kwa sababu kila mwili huzimia, binti yangu. Nionyeshe mstari unaosema "mzee" kwenye chanzo cha ajali, nami nitarudisha leseni yangu kesho.

Shangazi wa Anga
Leseni baki nayo. Nitakujibu nikimaliza kuisoma ripoti yote.