Kuanza kaligrafia: Pilot Parallel au kalamu ya kuchovya?

MpyaWaWino: Habari wakuu. Nataka kujifunza kaligrafia, ule uandishi wa herufi za mapambo, na wiki hii nanunua kalamu ya kwanza. Nimebakiwa na mbili: Pilot Parallel, ile ya ncha bapa yenye wino ndani, au seti ya kalamu ya kuchovya. Ipi inamfaa anayeanza?

NuktaTano: Mkuu, mwandiko gani? Herufi za Kilatini au khati ya Kiarabu? Na kama ni Kilatini, italiki ya ncha bapa au kopaplate ya ncha kali? Bila hilo tutakupoteza.

Karatasi_Laini: Chukua Parallel ya ncha ya mm 3.8, achana na ya 1.5. Ncha pana haifichi kosa: mkono ukiyumba kidogo, unene wa mstari unakwambia papo hapo. Anza na italiki, kalamu ikae nyuzi 45, herufi ndogo ziwe na kimo cha upana wa ncha mara 5. Wino unashuka wenyewe, akili yote inabaki kwenye herufi.

BiMistari: Mimi nasema usinunue chochote bado. Funga penseli mbili pamoja kwa mpira, ncha zilingane. Hiyo ni kalamu bapa tosha, na inakuonyesha kingo zote mbili za mstari.

Kidau: Naomba nieleze yaliyonikuta yasije yakakukuta. Nilianza na ya kuchovya. Kila nikichovya, wino unajikusanya matone kwenye ncha kama maji juu ya jani la mgimbi, kisha unaanguka pwaa katikati ya neno. Nikalaumu wino, nikanunua wa India. Nikalaumu karatasi, nikabadilisha. Wiki tatu nzima! Kumbe ncha mpya hupakwa mafuta kiwandani zisishike kutu. Unaziosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, unazifuta, basi. Lakini kinachoniuma zaidi ni ule wino wa India. Niliumimina kwenye kalamu ya wino aliyoniachia marehemu baba. Una kitu kama vanishi ndani yake, ukikauka hauyeyuki tena kwa maji. Kalamu ile imeziba mpaka leo.

Karatasi_Laini: Pole sana, ndugu. Jaribu kuiloweka kwenye maji yenye amonia kidogo.

Kidau: Nimeshajaribu, mara mbili.

MpyaWaWino: Samahani, nilisahau kusema. Nataka ule mwandiko wa kadi za mialiko, mwembamba ukipanda na mnene ukishuka. Halafu mimi ni mashoto.

NuktaTano: Ungeanza na hilo! Hiyo ni kopaplate, na Parallel haiwezi, ncha yake haitanuki ukikandamiza. Tafuta Nikko G, ncha kali ya kuchovya, ni ngumu kidogo, inamvumilia mwenye mkono mzito. Mpini uwe ulionyooka. Ule wa mshazari, unaoshika ncha kwa pembeni, unaouzwa kwa wengi ni wa mkono wa kulia.

BiMistari: Mashoto wengine huigeuza karatasi karibu wima, wakaandika kama wanashuka ngazi. Binti yangu hufanya hivyo na wino haumchafui.

NuktaTano: Kwenye khati mashoto hafuti alichoandika, maana mstari unatoka kulia.

Karatasi_Laini: Lakini kalamu ya mwanzi ya khati hukatwa mshazari kwa mkono wa kulia. Mashoto itabidi aikate kinyume.

NuktaTano: Aikate, kuna ubaya gani? Herufi za khati hupimwa kwa nukta, na kipimo ni nukta ileile anayoichora kwa kalamu yake.

MpyaWaWino: Wakuu, na karatasi je? Hizi za printa wino unasambaa kama mizizi.