Mama wa miaka 79 kavunjika nyonga: apasuliwe au tumrudishe nyumbani?

Mdogo wa Mwisho:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku.

Jumamosi alfajiri mama alijikwaa kwenye ndoo akienda chooni, akaangukia ubavu. Hakuinuka tena. Mguu wa kulia ukaonekana mfupi, unyayo umelalia nje. Eksirei inaonyesha fupa la paja limevunjika karibu na nyonga. Hapa wilayani wamemning'inizia uzito mguuni, leo siku ya nne. Daktari anataka aende rufaa akawekewe chuma. Baba wadogo wamekataa katakata, wanasema kwa umri huo hatoki chumba cha upasuaji. Wanataka arudi Lushoto kwa fundi wa kuunga mifupa. Ana presha, dawa anameza. Pesa ninayo, ila kwenye kikao mimi ndiye mdogo. Nifanyeje?

Nesi Mstaafu:
Pole mwanangu. Nimezeekea wodi ya mifupa. Huyo fundi atafunga mianzi wapi? Nyonga haifungiki. Na kwa uzito huo atalala wiki nyingi, si siku. Wazee niliowazika hawakuuawa na mfupa, waliuawa na kitanda: nimonia, damu kuganda mguuni, vidonda. Usiku huu mtazame kisigino na juu ya makalio. Ukiona wekundu usiofifia ukibonyeza, kidonda kimeanza.

Mchambawima:
Msimdanganye mwenzenu. Babu yangu alipasuliwa, wiki ya pili tukazika.

Nesi Mstaafu:
Inatokea, sikatai. Ndiyo maana moyo, figo na wingi wa damu hupimwa kwanza. Presha inayotibiwa peke yake haimzuii.

Kijana wa Mifupa:
Mkuu, muulize daktari pamevunjika wapi hasa. Ikiwa ni shingo ya mfupa, yaani pale chini ya kichwa cha duara kinachoingia kwenye nyonga, na vipande vimeachana, kichwa hicho hukosa damu na kinaweza kufa, kwa hiyo kwa mzee mara nyingi hutolewa akawekewa cha bandia. Chini ya shingo damu ipo ya kutosha. Hapo huwekwa skrubu na bamba, au fimbo ya chuma ndani ya mfupa. Mara nyingi ni ganzi ya mgongo, si lazima alazwe usingizi kabisa. Hufaa ifanyike ndani ya siku mbili. Zenu zimepita, lakini bado ana faida kubwa. Kesho yake akishikwa mkono asimame, msimwonee huruma mkamrudisha kitandani.

Bint Pangani:
Uliza pia kama chuma kipo au mnanunua wenyewe, na mtafute ndugu wa kutoa damu. Sisi tulikwama hapo siku sita. Halafu samahani, mama mwenyewe kasemaje?

Mdogo wa Mwisho:
Dada, nimeona aibu. Hakuna aliyemuuliza. Nimekwenda jioni hii na baba mdogo mkubwa. Mama kamwambia, "Shemeji, nimechoka kuwekewa beseni na watoto wa watu. Nipelekeni." Mzee kanyamaza, kisha kauliza gari ni shilingi ngapi.

Tunaondoka saa 12 asubuhi. Njiani alaleje?

Nesi Mstaafu:
Chali, mto katikati ya miguu. Huo uzito usiuguse wewe, aufungue nesi wa zamu. Mwombe na dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kumnyanyua, maana pale pa kuingia kwenye gari ndipo patamtoa machozi.