Mrejesho: hadithi ya kwanza ya binti yangu

Ndugu zangu, niliwauliza kama nina haki ya kunung'unika ilhali binti yangu amechapishiwa hadithi yake ya kwanza, kwa kuwa mhariri aliihamisha familia ya hadithi kutoka Chamwino, Dodoma, hadi "kijiji kimoja" na mlenda wa bibi akaugeuza mchicha. Asanteni kwa ushauri.

Wengi mlinielekeza kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayompa mtunzi haki ya kupinga kazi yake inapopotoshwa kwa namna inayoharibu heshima yake. Tuliusoma mkataba pamoja, tukakuta kifungu kinachoruhusu "marekebisho ya kawaida ya lugha", na kwa maoni yangu mchicha si suala la lugha. Binti, hata hivyo, hakutaka ugomvi. Alimwandikia mhariri barua yenye adabu kuliko ambayo ningeiandika mimi, naye akajibu kwamba kitabu kikichapwa tena, Chamwino na mlenda vitarudi. Hakutaja lini.

Furaha yangu ni ya kweli, maana jina lake limo kwenye yaliyomo, na bibi yake anawaonyesha wageni ukurasa huo kabla hajawakaribisha kiti, ingawa naye ameuliza huo mchicha umetoka wapi. Lakini nikiisoma hadithi, ninaisikia sauti ya mtu mwingine kila baada ya aya chache. Malipo yalikuwa nakala mbili tu. Hadithi ya pili imekwisha kuandikwa, na safari hii ameomba aone nakala iliyohaririwa kabla ya kusaini.